Injini Ikiwa Bado Kwenye Mnyororo

Injini iliyotumika huuzwa bila historia yake. Imeng'olewa Japani kwenye gari lililogongwa, au lililozeeka hadi mwenyewe akaona ukaguzi wa serikali, unaorudi kila baada ya miaka miwili, utamgharimu kuliko thamani ya gari lenyewe. Ikasafiri ndani ya kontena, pengine ikapitia kwanza maghala ya Sharjah, ikashushwa bandarini Dar es Salaam na kupangwa sakafuni Gerezani, Kariakoo, ubavuni mwa nyingine zinazofanana nayo. Anayeinunua na kuipakia kwa safari ya karibu kilomita elfu moja hadi Shinyanga anaijua kwa namba na kwa bei tu. Imetembea kilomita ngapi, oili yake ilibadilishwa kwa wakati au la, iliwahi kuchemka au haikuwahi, hayo yote yamebaki kwenye gari ambalo sasa ni chuma chakavu.

Kwa Samuye, kata iliyo kwenye barabara ya Tinde kwenda Shinyanga mjini, hesabu ya kazi ya kufunga injini kama hiyo inaanza na umbali. Spea za kawaida ziko Shinyanga mjini. Za magari yasiyo ya kawaida hutafutwa Kahama au Mwanza, na zisipopatikana huko huagizwa Kariakoo na kuletwa na basi kama kifurushi. Gari likifungwa injini leo na likaanza kuvuja oili wiki ijayo, hasara haipo kwenye bei ya sili. Hasara ni siku za kusubiri kifurushi, na jasho la kushusha tena kile kilichopandishwa juzi. Kwa hiyo kufunga injini ya mtumba ni kazi mbili zinazofanywa siku moja: kuipandisha injini ndani ya gari, na kabla ya hapo kubadilisha kila kilichochakaa ambacho injini ikishakaa mahali pake hakitafikika tena kwa mkono.

Gari linalofaa kuwa mfano ni Toyota Altezza. Ni gari dogo la milango minne lililotengenezwa kwa ajili ya mwendo, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Lilianza kuuzwa Japani Oktoba 1998, likatwaa tuzo ya gari la mwaka la nchi hiyo kwa 1998–1999, na likaacha kutengenezwa 2005. Kuna Altezza za aina mbili. Ile yenye alama ya GXE10 hubeba injini ya 1G-FE ya silinda sita. Yenye alama ya SXE10 hubeba 3S-GE ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,998, ambayo Toyota iliiunda kwa kushirikiana na Yamaha. Ikiwa na gia sita za mkono, 3S-GE ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na mgandamizo wa 11.5 kwa 1.

Namba hizo zina uzito kwa fundi. Pistoni ya injini hiyo hupanda na kushuka milimita 86. Ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, pistoni inakuwa imesafiri karibu meta 22 kila sekunde, ikisimama na kugeuka kila ifikapo juu na kila ifikapo chini. Hakuna kilichomo ndani ya injini ya namna hiyo kinachovumilia kazi ya nusunusu. Jambo la pili ni umri. Altezza ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani 2005, kwa hiyo mpira wowote uliozaliwa na injini yake, uwe sili, hozi au mkanda, umeishi takribani miaka ishirini au zaidi. Mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake. Huzeeka kwa joto na kwa miaka, hata injini ikiwa imelala ghalani bila kuguswa.

Kazi inaanza injini ikiwa chini, kabla ya winchi na mnyororo kuhitajika. Fundi huanza kwa kuizungusha kwa mkono, akiweka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki. Inatakiwa izunguke mizunguko miwili kamili bila kugoma. Ikigoma mahali pamoja kila inapofika hapo, kuna maji yaliyoingia silinda, vali iliyopinda, au beringi iliyokwisha. Oili iliyobaki humwagwa kwenye karai safi na kutazamwa juani. Vumbi la rangi ya fedha linalometameta, au chembe za rangi ya shaba, ni beringi za krenki zinazosagika, na hapo mjadala umefungwa: injini irudishwe ilikotoka kama muuzaji alitoa dhamana ya kuijaribu. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia mahali pasipo pake.

Kipimo cha kompresheni hakitaki injini iwe ndani ya gari. Stata, betri yenye chaji na geji vinatosha. Plagi zote hutolewa, koo la hewa hufunguliwa wazi, injini inazungushwa na geji inasomwa silinda moja baada ya nyingine. Toyota huruhusu tofauti isiyozidi kilopaskali 98 kati ya silinda na silinda, ambayo kwenye geji nyingi za gereji ni kilo moja. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake, kijiko cha oili humiminwa kwenye tundu la plagi na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka, maana oili imeziba kwa muda pale zilipokuwa zinapitisha. Kisipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Nusu saa ya kipimo hiki inaokoa wiki nzima, na inasikitisha kuona injini ngapi zinapandishwa bila kupimwa kwa sababu tu muuzaji aliiwasha mara moja chini ya mti na ikanguruma vizuri.

Injini ikishafaulu, swali linageuka: kibadilishwe nini? Jibu la wengi ni kubadilisha kile kinachoonekana kibovu. Jibu hilo lina kasoro, kwa sababu kinachoonekana ndicho pia kinachofikika. Alteneta ikifa baada ya miezi mitatu, huondolewa kwa bolti chache na gari linarudi barabarani jioni ileile. Sili ya nyuma ya krenki ikianza kuvuja, gia boksi lote linashuka. Kipimo sahihi basi ni ugumu wa kurudi. Kitu cha bei ndogo kilichojificha nyuma ya kazi ya siku mbili hubadilishwa hata kama kinaonekana kizima. Kitu cha bei kubwa kilicho wazi mbele kinaweza kusubiri kife chenyewe.

Kwa kipimo hicho, kazi inaanzia nyuma ya injini, upande unaokutana na gia boksi. Presha pleti na diski ya klachi zikitolewa, kisha flaiwili, sili ya nyuma ya krenki inaonekana: duara jeusi la mpira, kipenyo chake karibu na kitako cha chupa kubwa, likiwa limekumbatia mkia wa krenki. Sili mpya ina mdomo laini unaorudi ukibonyezwa na ukucha. Ya miaka ishirini imekauka ikawa ngumu kama kwato, ikikunjwa hupasuka. Wakati wa kuitoa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Bisibisi ikichimbwa chini ya sili bila kuzungushiwa kitambaa huchora mstari kwenye chuma king'aavu cha krenki, na mstari mwembamba kama unywele unatosha kupitisha oili kwenye sili mpya. Sili inayoingia hupakwa grisi kidogo mdomoni, huwekwa kwa vidole hadi ikae sawa pande zote, kisha hugongwa taratibu kwa kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo chake, au kwa ubao, kwa kuzunguka, mpaka uso wake ulingane na ukingo wa nyumba yake. Sili ya zamani ikiwa imechimba mfereji kwenye krenki, fundi mzoefu huisimamisha mpya mahali tofauti kidogo, kwa milimita moja hivi, ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa.

Hapohapo iko klachi. Diski hupimwa kwa kina cha ribiti: kichwa cha ribiti kikiwa kimebakiza chini ya milimita 0.3 kufika usawa wa lainingi, diski imekwisha. Kwenye gari la mbio hakuna sababu ya kungoja ifike hapo. Diski, presha pleti na beringi ya klachi huuzwa pamoja kwa seti na hubadilishwa pamoja, kwa sababu beringi ya zamani ikianza kulia ndani ya nyumba ya klachi, gharama ya kuifikia ni ileile ya kuifikia diski. Beringi ndogo iliyo katikati ya mkia wa krenki, ile inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi, ndiyo husahaulika zaidi. Ni ndogo kama sarafu nene, na ikishika kutu gari hukataa kuingia gia hata klachi ikikanyagwa hadi sakafuni.

Uso wa flaiwili ukiwa na madoa ya buluu au nyufa ndogondogo, umeungua. Mashine za kuchongea vyuma zipo Shinyanga, Kahama na Mwanza, na mchongaji anayejua kazi yake huondoa tu kiasi kidogo kinachotosha kuusafisha uso. Lakini kuna flaiwili zilizoundwa kwa vipande viwili vyenye springi katikati. Hizo hazipelekwi mashineni. Zikicheza kupita kiasi hubadilishwa nzima.

Habari ya beringi inastahili kituo, kwa sababu ukanda huu una faida ambayo wengi hawaihesabu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu wa Kahama na Geita unaendeshwa na mashine zinazozunguka mchana na usiku: karasha za kusaga mawe, pampu za kutoa maji mashimoni, jenereta. Mashine hizo hula beringi kama moto unavyokula nyasi, na miji ya machimbo imekuwa na maduka yanayouza beringi kwa namba, si kwa jina la gari. Namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi ni lugha ya dunia nzima. Iliyoandikwa 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha 40 na unene wa 12, iwe imetoka kwenye pampu ya maji ya shimoni au kwenye puli ya mkanda wa gari. Kwa hiyo puli inayolia haihitaji kuagizwa Kariakoo ikiwa nzima. Beringi yake inaweza kusukumwa nje na nyingine kuingizwa. La kuzingatia ni herufi zinazofuata namba. 2RS huonyesha kuwa ina vizuizi vya mpira pande zote mbili, na C3 huonyesha nafasi kubwa zaidi ya ndani kwa ajili ya joto. Beringi ya karasha yenye namba sawa lakini isiyo na kizuizi cha vumbi haitamaliza kiangazi kimoja mbele ya injini.

Mbele ya injini ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kwenye injini za ukoo wa 3S, mkanda wa taimingi ni wa mpira wenye meno, na huzungusha kamshafti, pampu ya oili na pampu ya maji. Toyota huhesabu umri wa mkanda huo kuwa kilomita 100,000. Kwa kuwa hakuna ajuaye injini ya mtumba imetembea kiasi gani, mkanda wake uhesabiwe kuwa umekwisha. Ukikatika kwenye 3S-GE, kamshafti husimama ghafla huku krenki ikiendelea kuzunguka, pistoni zikagonga vali zilizobaki wazi, na sekunde moja inatosha kuifanya injini iwe ya kuuzwa kwa kilo. Mkanda haubadilishwi peke yake. Tensheni na puli ya kuongozea hubadilishwa nao, kwa sababu beringi zao zimezunguka idadi ileile ya mizunguko. Pampu ya maji hubadilishwa nao pia: ikivuja baadaye, mkanda mpya italazimu utolewe, na maji ya rejeta yatakuwa yameshaulowesha. Sili ya mbele ya krenki na sili za kamshafti hufuata kwa sababu hiyohiyo, maana oili ndiyo adui wa kwanza wa mpira wa mkanda.

Alama za taimingi kwenye puli za kamshafti na ya krenki hulinganishwa kabla ya mkanda wa zamani kutoka, na rangi nyeupe kidogo juu ya kila alama husaidia macho. Mkanda mpya ukishakaa, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki na alama zikaguliwe tena. Jino moja likiruka, gari litawaka lakini litakuwa zito na lenye kumisi. 3S-GE ya Altezza ina puli za kamshafti zinazobadili pembe kwa shinikizo la oili, na inajulikana kwa mgongano wa sekunde chache inapowashwa asubuhi ikiwa puli hiyo imechakaa ndani. Mlio huo hautibiwi na mkanda mpya. Puli yenyewe ndiyo hubadilishwa, na siku ya kuibadilisha ni siku hii.

Mfumo wa maji unahitaji maneno mengi zaidi kuliko unavyopewa kwenye gereji nyingi. Shinyanga iko meta zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta wenye namba 0.9 juu yake hushikilia shinikizo la karibu kilopaskali 88, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka ndani ya rejeta hadi nyuzi 116 hivi. Tofauti ya nyuzi ishirini kati ya gari linalofika na gari linaloegeshwa kando ya barabara likitoa mvuke imebebwa na mfuniko wa bei ndogo wenye mpira na springi. Mpira wa mfuniko ukipasuka, injini nzima yenye rejeta safi itachemka mchana wa Oktoba. Mfuniko mpya ni lazima, na uwe wa namba ileile.

Thamostati nayo hubadilishwa, na irudishwe mahali pake. Desturi ya kuing'oa na kuitupa imeenea Afrika Mashariki nzima, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na maji yaachwe yazunguke. Desturi hiyo inaua injini polepole. Injini isiyofikia joto lake hupewa petroli nyingi na kontrol boksi inayodhani bado ni asubuhi; petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuchuruzika hadi kwenye sampu, na ringi husagika mapema. Kuijaribu thamostati ni rahisi: hufungwa uzi, ikaning'inizwa ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto, bila kugusa kitako cha sufuria. Nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Ikibaki imefumba wakati maji yanatokota, ndiyo iliyokuwa inaichemsha injini.

Maji yenyewe pia ni spea. Visima katika sehemu kadhaa za Shinyanga vina chumvi na floraidi nyingi, na chumvi hizo huganda ndani ya mirija myembamba ya rejeta kama zinavyoganda ndani ya birika. Maji ya Ziwa Victoria yanayoletwa na bomba la KASHWASA kutoka Ihelele ni mepesi zaidi, na ya mvua yaliyokingwa safi ni mepesi pia, lakini kilichokusudiwa na mtengenezaji ni kulanti inayozuia kutu. Silinda hedi ya alumini iliyowekewa maji ya kisima kwa muda mrefu huliwa na kutu kwenye njia za maji, na gasketi mpya juu ya uso ulioliwa haizibi kitu.

Kisha hozi. Hozi kubwa mbili za rejeta kila mtu huziona. Zinazosumbua ni zile fupi: ya kwenda kwenye hita nyuma ya silinda hedi, iliyobanwa karibu na ukuta wa gari, na zile za maji zinazopita chini ya mainifodi. Injini ikiwa kwenye mnyororo zinabadilishwa kwa dakika kumi. Ikishakaa ndani, mkono haupiti.

Gasketi ya kifuniko cha vali na sili za matundu ya plagi hubadilishwa, kwa kuwa oili ikijaa tundu la plagi huozesha mpira wa koili na gari kuanza kumisi. Sampu iliyoanza kutoa jasho la oili hufunguliwa sasa, maana kwenye magari mengi ya mpangilio wa Altezza sampu iko juu ya chuma kinachobeba usukani na haitoki bila kushusha au kuinua vitu vingine. Silikoni inayopakwa iwe uzi mwembamba usiokatika. Ikizidi hufinywa kuelekea ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huziba kichujio cha pampu ya oili. Sensa ya kunoki iliyo chini ya mainifodi hupimwa na waya wake kukaguliwa, na kwa 3S-GE hili si jambo dogo. Injini hiyo iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani takribani 100, wakati petroli ya vituo vya huku ina oktani ya chini ya hapo. Sensa ndiyo inayoisikia injini ikianza kugonga, na kontrol boksi ikaichelewesha cheche. Ikiwa imekufa, mgandamizo wa 11.5 hautakuwa na mlinzi.

Mauntingi za injini na gia boksi hubadilishwa zikiwa zimepasuka au kulegea. Barabara za lami za ukanda huu ni nzuri, ila safari nyingi huishia kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaokauka kiangazi na kuwa mashimo magumu kama mawe, na mauntingi iliyochoka huiachia injini iruke mpaka ikate hozi na nyaya.

Si kila cha zamani kitupwe. Koili, nozeli, sensa za hewa na alteneta za asili zilizokuja na injini, zikipimwa na kuonekana nzima, mara nyingi zitadumu kuliko mbadala mpya wa bei rahisi uliofungwa kwenye boksi lenye jina kubwa. Spea feki ni jeraha la kweli kwa mafundi wa mikoani, kwa sababu lawama humwangukia aliyeifunga, siyo aliyeiuza. Silinda hedi ya injini iliyofaulu kipimo cha kompresheni haifunguliwi kwa ajili ya kuchungulia tu. Kila nati iliyofungwa kiwandani na haina sababu ya kufunguliwa, ibaki ilivyo.

Kupandisha kwenyewe ni kazi fupi ukilinganisha na yote hayo. Diski ya klachi husimamishwa katikati kwa shafti ya zamani ya gia boksi au kijiti kilichochongwa kwa kipimo, injini ikashushwa na mnyororo kwa pembe, mkia ukitangulia. Bolti za flaiwili na za presha pleti hukazwa kwa toki renchi, kwa kupishana kama nyota, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Waya wa injini na kontrol boksi vilivyokuja na injini ndivyo vinavyopaswa kutumika, maana injini zenye jina moja hutofautiana plagi za nyaya kati ya mwaka na mwaka.

Injini iliyolala miezi mingi haina oili kwenye beringi zake. Kabla ya kuwashwa, fyuzi ya pampu ya mafuta na koili hutolewa, ikazungushwa kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Ndipo fyuzi zirudi. Ikiwaka, iachwe ingurume bila kuvutwa kwa mbwembwe, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na mfuniko wa rejeta ukiwa bado haujafungwa ili hewa itoke, mpaka hozi ya thamostati ipate joto na maji yashuke na kuongezwa.

Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, namba iliyo kwenye kadi hailingani tena na iliyo kwenye chuma, na mwenye gari ataulizwa siku ya kuuza au siku polisi watakapolikagua. Risiti ya ununuzi wa injini ndiyo inayotetea, na marekebisho ya kadi yanafaa yafanyike mapema, risiti ikiwa haijapotea.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000, oili ya kwanza humwagwa ikiwa ya moto, na filta hukatwa kwa msumeno ili karatasi yake itandazwe juani na kutafutwa chembe zinazometameta. Mauntingi na klipu za hozi hukazwa tena. Mwisho fundi hulala chini ya gari na kuingiza kidole kwenye tundu dogo lililo chini ya nyumba ya klachi, mahali ambapo sili ya nyuma ya krenki ikivuja huanza kudondokea. Kidole kikitoka na vumbi kavu la barabara ya Tinde, gia boksi halitashuka.